Ruzuku ya kituo cha waraibu Malindi: fedha zipo, ila haziko mnakozitafuta

Swali: Salaam aleikum, mwalimu. Sisi ni kina mama 14 wa Shella na Barani, hapa Malindi. Tulijiunga baada ya kuzika vijana watatu katika mwaka mmoja. Wetu wengine bado wako maskani, huyu kwa unga, yaani heroini, yule kwa muguka, yale majani ya kutafuna, na pombe. Mwenzetu mmoja ana shamba la urithi Ganda na yuko tayari kulitoa tujenge kituo cha vitanda 30. Twasikia serikali ina ruzuku za afya ya akili na matibabu ya uraibu. Kuna kijana ametuonyesha kwenye simu tangazo la ruzuku hizo la serikali ya Marekani, na ataka Sh15,000 atuandikie ombi. Je, ruzuku hizi zipo kweli? Tuanzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, mama, wewe na wenzako wote. Poleni kwa hao watatu. Mola awarehemu, na awarudishe nyumbani walio bado maskani.

Jibu fupi halitawafurahisha, kwa hiyo nalitanguliza. Hapa Kenya hakuna dirisha la serikali ambako kikundi kinapeleka barua ya kutaka kujenga kituo cha waraibu kikarudi na hundi. Fedha za umma za kazi hii zipo, lakini sehemu kubwa haiitwi ruzuku. Zimo ndani ya bajeti ya kaunti, ndani ya bima ya afya, na ndani ya hospitali mnayoipita mkienda mjini. Anayetafuta neno "ruzuku" peke yake ataona vijifuko vidogo, na atavikosa vikubwa vilivyo mbele ya macho yake.

Tuliondoe kwanza hilo tangazo la kwenye simu. Matangazo ya namna hiyo hutolewa na SAMHSA, idara ya serikali ya Marekani iliyoundwa 1992 kushughulikia afya ya akili na uraibu. Ruzuku zake kubwa huenda kwa serikali za majimbo, nayo majimbo ndiyo yanayowagawia watoa huduma wake. Zile za kushindaniwa huombwa na mashirika yaliyo huko Marekani. Kikundi cha Malindi hakimo, hata kiandike Kiingereza cha dhahabu.

Pesa ya Marekani ilifika Malindi kwa njia nyingine kabisa. Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu wa unga ili aache, ilifunguliwa hapa mwanzoni mwa 2015, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza nchini kuanza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Kazi hiyo iliingia kwa mlango wa vita dhidi ya Ukimwi, kwa sababu sindano za kushirikiana ndizo zilizokuwa zikieneza virusi, na wafadhili wa nje walibeba mzigo mkubwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na huduma kama hizi zikatikisika kote nchini, mchana kweupe. Nayataja haya kwa sababu swali lenu si la kina mama 14 tu. Tangu siku ile, mashirika yaliyozoea fedha za ng'ambo nayo yanauliza mnalouliza ninyi: serikali yetu wenyewe inaweka nini mezani?

Na hapo kuna jambo nataka mlishike kabla ya kubisha hodi popote. Hamwendi kuomba sadaka. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na katika maana mpya ya mtu mwenye ugonjwa wa akili imemtaja wazi aliyethibitishwa na mtaalamu kuwa na tatizo la matumizi ya pombe au dawa za kulevya. Yaani yule mnayemwita teja, kwa macho ya sheria ni mgonjwa, kama wa sukari au wa kifua. Sheria hiyohiyo imeiwekea serikali ya kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili na kuzitengea fedha. (Nami nawaomba, kwenye karatasi zenu neno "teja" lisionekane hata mara moja. Andikeni "mgonjwa" au "mraibu". Ofisa anayesoma maombi 60 kwa siku huanza kukuamini au kukutilia shaka kwa maneno kama hayo.)

Mlango mkubwa basi ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti hospitali, zahanati na afya ya msingi, na katika orodha hiyohiyo mna jambo ambalo wengi hulisahau: udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo hakuna ofisa wa Kilifi anayeweza kuwaambia kwamba hilo ni la Nairobi. Akisema hivyo, mwombeni aisome orodha ya kaunti, kipengele cha 13.

Tatizo la wananchi wengi ni saa. Bajeti haianzi Juni inaposomwa. Inaanza na mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ambao kwa awamu hii ni wa 2023 hadi 2027. Halafu kila mwaka, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka ujao kufikia Septemba 1. Kufikia Februari 28 hupelekwa taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo huipangia kila idara ukomo wake. Aprili 30 makadirio yenyewe yanafika, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Watu hujitokeza Mei, turubai likishafungwa na vipaza sauti vikishawekwa, wakidhani ndipo mambo yanapoamuliwa. Wakati huo mkate umeshakatwa na kinachogombewa ni makombo. Wakati wenu ni Julai na Agosti, kabla ya mpango wa mwaka kufungwa, na tena Januari na Februari. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye bajeti methali hii haina mzaha.

Mkifika, msiombe "kituo". Ombeni vitu vyenye majina. Muuguzi wa magonjwa ya akili atakayefika zahanati ya karibu nanyi siku mbili kwa wiki. Washauri nasaha wawili walio kwenye orodha ya mishahara ya kaunti. Dawa za magonjwa ya akili zisiwe zikikatika. Dawa ya naloksoni, ile ya kumwamsha aliyezidiwa na unga, iwepo kwenye chumba cha dharura na kwenye ambulansi. Kitu chenye jina kinaweza kupewa mstari na tarakimu kwenye kitabu cha bajeti, na mwaka unaofuata mkauliza kilienda wapi. "Kupambana na janga la dawa za kulevya" hakiulizwi. Hicho huishia kwenye semina ya hotelini, fulana zikagawanywa, picha zikapigwa.

Ninyi mna bahati ambayo mtu wa Magarini ndani ama wa Ganze hana: ofisi za Bunge la Kaunti ya Kilifi ziko hapohapo Malindi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kulipelekea bunge ombi rasmi juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka ya kaunti. Si lazima mwakilishi wa wadi akubali kuwabebea. Andikeni, wekeni sahihi na nambari za vitambulisho, pelekeni kwa karani wa bunge, mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala hiyo itawafaa kuliko ahadi 10 za msibani.

Na kuna fedha ambazo mimi ningezifuata kabla ya nyingine zote: za leseni za pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilianzisha mfuko ambao mojawapo ya kazi zake ni programu za kuwasaidia watu kuacha pombe na kurekebishwa, na baada ya ugatuzi utoaji wa leseni ukawa wa kaunti. Malindi ni mji wa hoteli, baa na vilabu, leseni si chache. Basi ulizeni kwa maandishi: mwaka jana leseni za vileo ziliingiza shilingi ngapi Kilifi, na ngapi zilirudi kwenye matibabu? Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Wakijibu, mna tarakimu ya kuingia nayo kikaoni. Wasipojibu, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Utetezi wa Haki, ile inayoitwa Ombudsman. Mei 2024, kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka na korti ikasitisha amri hizo, kila mtu alizungumza habari ya marufuku, ushuru na wakulima wa muguka wa Embu. Wa kumzungumzia kijana aliyekwisha kuzoea walikuwa wachache mno. Marufuku ni bei rahisi kwa serikali. Matibabu ndiyo yenye gharama.

Jambo moja la kuwaonya hapa. Ni nadra kaunti kuandikia kikundi hundi, kwa kuwa fedha za umma hutoka kwa sheria, na bila sheria ya mfuko fulani ofisa anayetia sahihi anajiweka hatarini kwa mkaguzi. Wanachoweza kuwapa kwa wepesi ni mtu, dawa, chumba na mkataba wa ushirikiano. Pokeeni. Muuguzi mmoja anayelipwa na kaunti kwa miaka mitano ni ruzuku kubwa kuliko jengo.

Nimelitaja jengo, na sasa lazima niseme la vitanda 30. Mama, msianze na jengo. Naliona kila mara: kuta zinapanda kwa harambee, mheshimiwa anakuja kukata utepe, baada ya miezi minane mbuzi wanalala wodini. Kinachoua vituo ni matumizi ya kila siku. Pigeni hesabu ya chakula tu. Tuseme mgonjwa mmoja ni Sh400 kwa siku, uji, chakula cha mchana na cha usiku. Wagonjwa 30 ni Sh12,000 kwa siku, na kwa mwezi ni Sh360,000. Hapo hamjamlipa muuguzi wa usiku, mshauri, mpishi wala askari, na hamjanunua maji. Nani atatoa hizo mwezi wa saba, ruzuku ikiisha? Mfadhili yeyote anayejua kazi, wa serikali au wa nje, atawauliza swali hilo ukurasa wa kwanza.

Halafu liko la kitabibu, nalo lina uzito kuliko pesa. Unga, pombe na muguka ni magonjwa matatu tofauti kwa namna yanavyotibiwa. Mtu wa unga akikatizwa ghafla anapata arosto kali, anatapika, anaumwa mifupa, halali, na mara chache arosto yenyewe humuua aliye mzima kimwili. Hatari kubwa iko baadaye. Akikaa miezi mitatu bila kutumia, mwili unasahau kile kipimo ulichokizoea. Akitoka, akirudi maskani na kubwia kete ileile ya zamani, pumzi inakata. Kwa hiyo kituo kinachomfungia kijana siku 90 na kumwachia getini bila ufuatiliaji kinaweza kumweka karibu zaidi na kaburi. Ndiyo sababu methadoni ipo: anafika kliniki, anainywa mbele ya mhudumu kila siku, arosto inatulia, anaweza kufanya kazi. Wazee wetu wengine husema ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi sikubaliani nao. Nimewaona waliokunywa kikombe chao saa mbili asubuhi na saa tatu wako juu ya kiunzi wanapaka rangi.

Wa pombe ni kinyume. Mlevi wa miaka mingi akiachishwa kwa siku moja bila dawa anaweza kupata degedege na kufa, kwa hiyo siku za mwanzo ni za hospitali, si za kituo chenye mshauri mmoja na Biblia ama Kurani. Wa muguka hana methadoni yake. Tiba yake ni mazungumzo, usingizi, chakula, na kumwondoa penye biashara. Ombi lisiloonyesha tofauti hii, linalosema tu "tutawarekebisha waraibu", mkaguzi mwenye ujuzi hulifunga bila kufika kwenye bajeti.

Mimi ningeanzaje? Kwa huduma ya kutwa: chumba kimoja, mshauri mwenye leseni, chai, kikundi cha waliopata nafuu, kikundi cha wazazi, na mtu wa kuwasindikiza wagonjwa hadi kliniki ya methadoni na kuwafuatilia wasipofika. Hiyo ndiyo kazi inayokosa watu. Vitanda waachieni wenye uzoefu navyo. Malindi haikuanza leo, Omari Project imekuwa ikiwapokea watu wa unga hapa tangu miaka ya 1990. Nendeni mkawaulize gharama zao za kila mwezi kabla ya kuchora ramani.

Sasa mlango wa pili, bima. Tangu Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, na katika huduma zinazolipiwa na mfuko wake zimo za afya ya akili na za kurekebishwa kwa waraibu. Tofauti ya fedha hizi na ruzuku ni kwamba hazilipi kituo kwa kuwa kipo. Zinamlipia mgonjwa aliyetibiwa. Kwa kituo, maana yake ni kusajiliwa kwanza kama kituo cha afya na baraza la madaktari, KMPDC, kupata ithibati ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, kwa kazi ya uraibu, kisha kuingia mkataba na SHA. Ni safari ndefu, na malipo yenyewe mara nyingi huchelewa, muwe na akiba. Lakini kituo kilichofika hapo hakiombi kila mwaka.

Kwa mgonjwa, maana yake ni kusajiliwa na kuchangia. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa kipato cha kaya, na kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Mwanao wa miaka 30 ni mchangiaji kwa jina lake mwenyewe, haingii chini ya kadi yako. Na hapa ndipo penye kizingiti ambacho ofisi za Nairobi hazikijui: vijana wengi wa maskani hawana kitambulisho. Kimepotea, kimewekwa rehani dukani, kimechukuliwa na askari. Bila kitambulisho hakuna SHA. Kikundi chenu kikifanya kazi moja tu mwaka huu, ya kuwapeleka vijana 40 kwa msajili wa watu wakapate vitambulisho vipya na kuwaandikisha bima, mtakuwa mmefungua fedha za umma kuliko warsha yoyote. Tena ni kazi isiyohitaji ithibati ya mtu.

Hospitali nayo msiipite. Sheria ya 2023 ya uboreshaji wa vituo vya afya inaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake na kuyapangia matumizi, badala ya kuyapeleka kwenye kapu kuu la kaunti na kuyasubiri yarudi. Kwa hiyo mpango wa mwaka wa hospitali ya Malindi ni mahali pa kuuliza: kliniki ya akili ni siku ngapi, ina dawa gani, na bodi ina mkazi gani wa kuwasemea wagonjwa hawa? Bodi zina nafasi za jamii. Mmoja wenu angefaa sana kukaa pale.

Vijifuko vidogo navipita haraka. Mfuko wa NGAAF, ulio chini ya Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, huyapa makundi ya wanawake, vijana na walemavu fedha za miradi, na mambo ya ushauri na urekebishaji wa waraibu yamo katika makusudio yake. Kina mama 14 waliosajiliwa wana nafasi nzuri. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huyasaidia makundi kiuchumi, na ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili wa muda mrefu unatambuliwa, ingawa familia nyingi za hapa huona haya kumwandikisha mtu wao. NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, msipoteze nauli kwa ajili ya matibabu: afya ni ya kaunti, na mfuko ule ni wa kazi za serikali kuu. NACADA ni mshirika wa ithibati, mafunzo na ushauri, na simu yake ya bure ni 1192. Msiende kwao mkitarajia mtaji wa ujenzi. Fedha za Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, huingia nchini kupitia Hazina ya Taifa, Msalaba Mwekundu na Amref, ambao hutafuta mashirika ya mashinani ya kufanya nao kazi. Matangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti zao, na hupewa aliyekwisha kufanya kazi, si anayekusudia.

Hilo linanirudisha kwenu. Mumesajiliwa? Barua yako haikusema. Kwa sasa Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 inawatosha: mnakwenda kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo na katiba yenu, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama, ambao hawapungui 10. Mkikua mkaajiri watu, hapo fikirieni shirika la manufaa ya umma chini ya sheria ya mashirika hayo, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024 tu. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe mtu na dada yake. Mnacheka, lakini miaka ya nyuma nilikuwa kwenye meza ya kukagua maombi ya mfuko mmoja, na kikundi kilichokuwa na kazi safi kuliko vyote kiliondolewa kwa sababu mwenyekiti, mweka hazina na mmiliki wa nyumba waliyoipanga walikuwa wa tumbo moja. Hakuna aliyesema wameiba. Hawakuweza tu kuonyesha kwamba wangezuiwa wakitaka kuiba.

Pia wekeni kumbukumbu tangu leo. Daftari la kurasa 200 linatosha: tarehe, umri, jinsia, anatumia nini, amepelekwa wapi, amerudi au hakurudi. Majina yafungiwe kando na yapewe nambari, kwa sababu daftari la waraibu likianguka mikononi mwa watu ni balaa. Baada ya miezi sita, mtakuwa na habari ambazo hata idara ya afya huenda haina kuhusu Shella na Barani. Mkono mtupu haulambwi, na kwa wafadhili ushahidi ndio mkono.

Shamba la Ganda nilitaka kuliacha, lakini linanikera. Ardhi ya upande wetu mnaijua kesi zake. "Yuko tayari kulitoa" si hati. Je, mirathi imepita mahakamani, au kwa Kadhi? Ndugu zake wamekubali kwa maandishi? Hati ina jina la marehemu au lake? Hakuna fedha ya umma inayojengwa juu ya shamba ambalo kesho binamu atatoka Mombasa akidai fungu lake. Mwenzenu asilitoe kwa kikundi leo. Ikiwa ni Mwislamu na nia yake ni thawabu, azungumze na Tume ya Wakfu kuhusu kuliweka wakfu, maana hilo linalilinda hata kikundi kikivunjika. Ikiwa sivyo, mkataba wa kukodisha wa miaka mingi uliosajiliwa unatosha. Na kwa miaka miwili ya kwanza lilimeni mihogo na mchicha, chakula kitawafaa.

Siku mtakapofikia kuwalaza watu, kuna jambo moja sitalizungusha. Niliwahi kuingia kituo kimoja, mbali na kwenu, nikakuta kijana amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya kitanda, na msimamizi akanieleza kwa fahari kwamba hapo hatoroki mtu. Wazazi walikuwa wanalipa. Sheria ya afya ya akili inampa mgonjwa haki ya kutendewa kwa utu na ya kukubali au kukataa tiba, isipokuwa katika hali iliyowekewa utaratibu. Mkipata habari za mnyororo au fimbo mahali popote mnapotaka kushirikiana napo, ondokeni na mpige 1192.

Sasa yule kijana wa Sh15,000. Huenda si tapeli, huenda ameliamini tangazo mwenyewe. Lakini hakuna mfuko wa serikali, wa hapa wala wa Marekani, unaotoza ada ya kuomba, na ombi la Marekani halina njia ya kupita hata liandikwe vipi. Mshukuruni, mpeni kazi ya kuwachapia daftari lenu kwenye kompyuta. Fedha hizo, kama mmekwisha kuzichanga, zinatosha kuwalipia vijana wanne bima ya mwaka mzima. Ni Sh14,400. Sh600 zinazobaki ni nauli ya kupeleka ombi kwa karani wa bunge na chai ya mkutano wa kwanza, na mkutano huo ufanyeni kabla Agosti haijaisha.